Misumari ya Theluji ya Baba

Sisi tuliokulia Entarara, si mbali na Loitokitok, tulilala na maji masikioni. Mfereji ulipita nyuma ya jikoni letu usiku na mchana, na mgeni akilala kwetu mara ya kwanza aliamka akiuliza kama kulinyesha. Tulimcheka mpaka Mama akatufukuza. Watoto wangu, waliozaliwa hapa Kitengela, wanajua maji kama kitu kinacholetwa na lori, kikapandishwa kwenye tangi kwa mpira, kikaisha Alhamisi. Nikiwaambia kwamba mimi nilikunywa maji nikiwa nimelala kifudifudi, mdomo ndani ya mfereji, wananitazama kwa huruma. "Mami, na hukupata taifodi?" Sikupata, asanteni.

Nakumbuka baridi ya maji yale zaidi ya kitu kingine. Tukitoka kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, miguu imejaa vumbi jekundu, tuliitumbukiza mferejini na kushindana nani atavumilia. Ukihesabu hadi ishirini vidole vinauma, hadi thelathini huvisikii tena. Tulitengeneza mashua za maganda ya parachichi, tukazifuata tukikimbia hadi shamba la jirani, na jirani akatufukuza kwa sababu tulikanyaga kingo. Kukanyaga kingo za mfereji lilikuwa kosa kubwa kuliko kuiba miwa. Maji yalikuwa ya zamu, kila boma na siku yake. Zamu yako ikifika ulifungua kwa jembe, ukanywesha shamba lako, halafu ukaziba kwa gunia la udongo na kumwachia mwenzako. Hakuna aliyekuwa na saa ya mkononi, na hakuna aliyechelewa.

Na juu ya haya yote ulikaa mlima. Asubuhi, kabla mawingu hayajaamka, Kilimanjaro ulisimama mweupe kichwani, karibu mno, hata ukadhani ukirusha jiwe litafika. Wamasai waliuita Oldoinyo Oibor, Mlima Mweupe. Mwalimu wetu alisema ile ni theluji. Sisi tuliita barafu, na tuliamini kabisa kwamba baridi ya mfereji ilikuwa barafu ile imeyeyuka na kuteremka moja kwa moja hadi nyuma ya jikoni letu.

Aliyetufundisha hivyo alikuwa Baba. Alitoka Makueni akiwa kijana, kwenye udongo ambao unaweza kuungoja mwaka mzima usikupe hata kunde. Siku aliyouona mlima ule kwa mara ya kwanza, alituambia, alivua kofia. "Hiyo ni tangi," alikuwa akisema, kikombe cha chai mkononi. "Mungu amejaza, jua ndiyo koki. Watu wa hapa wako na bahati na hawajui."

Basi Baba akaanzisha desturi yake, ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Uani kulikuwa na jiwe bapa, na hatua chache mbele yake nguzo ya jikoni. Kila mwaka, asubuhi moja ya Januari, alisimama juu ya jiwe akafumba jicho moja na kuutazama mlima akipitisha macho kwenye nguzo. Mama alipanda juu ya stuli na msumari na nyundo. Kazi ilikuwa kuupigilia msumari pale hasa weupe wa theluji ulipoishia kwa chini.

"Juu kidogo, Mama Mwende. Aa, umepita. Shusha."

"Baba Mwende, uji unaungua."

"Shusha nasema! Hapo. Piga!"

Mwende ndiye mimi. Nilikuwa napanda juu ya mtungi wa maji uliopinduliwa, ili macho yangu yafikie kimo cha macho ya Baba na mimi nione alichokiona. Msumari ukiwa chini, maana yake theluji imeteremka sana, na Baba alitangaza, "Tuko na maji." Ukiwa juu, alipunguza mbegu. Majirani walimcheka chini chini, lakini wengine walipita kuchungulia nguzo kabla ya kupanda. Niliwaona kwa macho yangu.

Mwaka niliokuwa darasa la nne, mlima ulivaa weupe ambao hatukuwahi kuuona. Theluji iliteremka hadi kwenye mabega. Msumari wa mwaka ule uliingia chini ya misumari yote, na Baba karibu acheze. Alipanda nyanya shamba zima. Aling'oa hata kile kipande cha mahindi na maharagwe ambacho Mama hakuruhusu kiguswe, chakula chetu cha nyumbani, akakijaza nyanya.

"Mimi naangalia mfereji," Mama alimwambia. "Naona umekonda."

"Utanenepa. Angalia mlima!"

Haukunenepa. Jua lilikuja, nyanya zikaanza kutoa maua, na zamu yetu ilipofika maji yalikuja membamba, yakafika katikati ya shamba na kunywewa na vumbi. Mlima bado ulikuwa mweupe pepepe! Baba alitoka kila asubuhi na chai yake, akautazama, akarudi ndani bila kunywa. Wiki ya tatu alisema mezani kwamba hizi nyanya zikikauka hatuna cha kula wala cha kupanda, na tutarudi Makueni kwa Susu, bibi yetu, mama yake Baba. Alisema polepole, akitazama sahani ya muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa. Mimi nilishikwa na hofu ambayo naikumbuka hadi leo. Nilimpenda Susu, lakini kwa Susu maji yalichotwa kwa kuchimba mchanga wa mto mkavu. Nilitoka nje nikatia mkono mferejini na kulia.

Mama hakulia. Kesho yake ilikuwa Jumamosi, akafunga leso kiunoni. "Mwende, vaa viatu. Twende tuone hii maji inatoka wapi."

Tuliufuata mfereji kupanda juu. Tulipita mashamba ya vitunguu, tukapita mahali mfereji unapovuka korongo juu ya magogo yaliyochongwa, tukaingia kwenye baridi ya msitu. Nilikuwa natarajia kukuta barafu. Kweli kabisa, nilibeba kikombe. Badala yake tukamkuta Mama Naserian, mjane wa Kimasai ambaye wazee wa mfereji walimpa kazi ya kulinda mahali maji yanapoanzia. Boma lake lilikuwa la mwisho kabla ya miti, na mbuzi wake tuliwasikia kabla ya kumwona.

"Supa!" alitusalimu kwa Kimasai.

"Supa oleng," Mama alijibu, na bila kuzunguka akamweleza shida yetu yote, hadi Makueni.

Mama Naserian alinishika mkono akatupeleka chini ya mikuyu miwili mikubwa. Pale, katikati ya mizizi, maji yalikuwa yakitoka ardhini kimya kimya. Hapakuwa na barafu wala maporomoko. Nikainua macho: matawi yalikuwa yamefunikwa na nyuzi za kijani zilizoning'inia kama ndevu, na ukungu ulipopita kila ndevu ilidondosha tone. Lo! Nilisimama mdomo wazi na kikombe changu.

"Hii maji haitoki sana kwa ile nyeupe," alisema. "Ile inatoa kidogo, ya kuongezea. Ingine jua na upepo wanakula huko huko juu, haifiki kwa mtu. Na kukiwa baridi inakaa tu, unaiona nyingi na haikupatii kitu. Hii yako inatoka kwa hawa." Akapiga shina la mkuyu kwa kiganja, vile mtu anavyompiga ng'ombe wake anayempenda. "Mvua ya msitu mwaka jana ilikuwa kidogo. Na hapo nyuma watu wa makaa wamekata."

Tulitazama nyuma. Palikuwa na visiki, na udongo wake ulikuwa mkavu.

Mama alikaa juu ya jiwe, akauliza swali moja tu: mtu mwenye nyanya tayari shambani afanye nini? Mama Naserian alifikiria, akitafuna kijiti. Halafu akasema, "Chukueni zamu yangu ya Jumatano. Mbuzi wangu watakunywa huku huku. Lakini mwambie Baba Mwende haitatosha shamba yote. Achague."

Tulirudi jioni. Nilidhani Baba atakasirika, maana mwanamume aliyetuhubiria theluji miaka yote ile sasa alikuwa anasomeshwa na sisi wawili. Alisikiliza hadi mwisho. Asubuhi hakutoka na chai. Alienda shambani akaanza kung'oa, kwa mkono wake mwenyewe, mistari yote ya chini, nyanya na maua yake, ili ile nusu ya juu iishi. Mama alienda kumsaidia na hakumwambia neno. Mimi nampenda Mama kwa mambo mengi, lakini kwa kile kimya chake nilimpenda zaidi.

Nusu ile iliishi. Tukavuna, na hatukurudi Makueni. Mvua zilipokuja, Baba alikata matawi ya mkuyu ya kupanda, akayafunga kwa gunia lililoloweshwa, na sote tukayabeba hadi kwa Mama Naserian, tukayapanda penye visiki vya watu wa makaa. Tulifanya hivyo kila msimu wa mvua mpaka nikamaliza shule. Mengine mbuzi walikula, tukarudia, tukayazungushia ua wa mbao.

Na misumari? Aliendelea, kila Januari, ingawa hakupanda tena kwa kuifuata. Nilimuuliza ya nini sasa. "Ni rafiki yangu," alisema. "Nataka tu kujua yuko aje." Siku hizi nasikia waliosomea mambo ya maji wakieleza yale yale ya Mama Naserian. Wanasema pia kwamba kuna milima ya mbali ambako barafu ndiyo tangi kweli, na mito ya kiangazi huishi kwayo, na ikiisha watu wa huko watateseka. Mimi huwafikiria watu hao. Bila shaka kuna mtu huko anayeamka na chai yake na kutazama juu.

Agosti hii nilienda Entarara na binti yangu Kasyoka, wa miaka kumi na mitano, masikio yamezibwa na nyaya za simu tangu Kitengela. Mama hayuko tena. Baba yuko, lakini macho yameingia ukungu na mgongo umemshusha. Asubuhi ilikuwa safi, mlima ukatoka wote. Akanishika bega.

"Mwaka huu sikupiga. Sioni. Simama wewe."

Nikapanda juu ya jiwe. Sikuhitaji mtungi. Kasyoka alipanda stuli ya Mama, susu yake, nyundo mkononi, kwa mara ya kwanza bila nyaya masikioni. Nikafumba jicho moja. Weupe ulikuwa vipande vichache tu kileleni, kama maziwa yaliyobaki ukingoni mwa kikombe. Nilitaka kumdanganya. Haki nilitaka kusema "shusha".

"Iko wapi?" Baba aliuliza.

"Iko juu, Baba. Imepita misumari yote."

"Basi piga hapo hapo."

"Juu," nilimwambia Kasyoka. "Juu tena. Hapo. Piga."

Aliupigilia. Halafu akapapasa juu yake na kusema, "Babu, hapa ni mabati sasa. Msumari mwingine hauna nafasi."

Baba aligeuza uso upande wa jikoni. Nyuma yake mfereji ulikuwa ukipita, mwembamba kuliko wa utoto wangu, lakini ukipita. Alitoa mfukoni mwa koti kopo lake la misumari, akalitikisa kujua imebaki mingapi, akamnyooshea mjukuu wake.

"Hii iliyobaki peleka juu kwa mikuyu," alisema. "Mbuzi wameanza kuingia tena, na ule ua umelegea."

Kasyoka alishuka kwenye stuli, akalichukua kopo, akaniuliza njia ni ipi. Nikamwambia afuate maji.