Ua Lililotoka Ukutani

Nilipojifungua mutoto wa kwanza, mama yangu alivuka ziwa kutoka Ubwari kwa pirogi kuja kuniangalia. Hakuleta kitenge. Alileta vitunguu saba vya maua, amevifunga ndani ya jani la mugomba. Si vya kula, vina sumu. Kiangazi chote vinalala chini bila jani hata moja. Mvua ya kwanza ya Septemba ikipiga, ua linatoka peke yake, jekundu, duara, limesimamisha nywele. Majani yanakuja nyuma, kama watu waliochelewa misa.

Mwaka uliofuata mama akafa. Nikabaki na ile kona ya parsele, uwanja wetu, tulipovipanda.

Lakini hapa Baraka, kona isiyo na jani wakati wa kiangazi ni kona ya kufyatulia matofali. Siku nilipopeleka mutoto chanjo, mume wangu aliichimba yote, akamwaga maji, yeye na mama yake wakakanyaga udongo. Niliporudi, matofali ya jiko langu jipya yalikuwa yameanikwa kwa mistari. Nikauliza vitunguu viko wapi.

“Vitunguu gani? Pale hapakukuwa kitu,” mume akasema.

Siku mbili sikumpikia, na sioni haya kuliandika. Mama mukwe alisema nishukuru, jiko linapikiwa, ua haliliwi. Nilimjibu vibaya. Yeye nilimwomba msamaha, mume, hapana.

Jiko likasimama. Mvua ikapiga ukuta kabla haujapakwa. Siku ya nne, nikipuliza moto, niliona tofali moja limepasuka na kichwa chekundu kinachungulia. Nilidhani ni damu ya kuku. Kesho yake kikafunguka. Kitunguu kile kilikanyagwa, kikafyatuliwa, kikaanikwa juani, kikabebeshwa ukuta, na bado kilijua siku yake. Mimi nikinyimwa usingizi mara moja nasahau hata Jumapili.

Mama mukwe alikitazama sana.

“Iko kichwa nguvu sawa we,” akaniambia, yaani ni kaidi kama mimi.

Mume alikuja na ndoo ya udongo apake. Nilimwambia ukutani kitakufa. Alichukua panga, akalitoa tofali zima polepole, kama anayetoa mutoto, akalizika kwenye kona ileile, akaizungushia mawe.

Tundu hatukuliziba, moshi unapitia hapo. Sasa majani yametoka, mapana. Kila asubuhi nayatazama na nafurahi. Kisha nakumbuka vile sita.