Ugali wa Daforoza kwenye Chumba cha Mtihani

Sisi tuliosoma shule ya msingi Mwanga, mjini Kigoma, miaka ile wakimbizi wa Burundi walipokuwa wakiingia makundi kwa makundi, hatukulijua neno "stresi". Tulijua tu kwamba mtihani ukikaribia, tumbo linabadilika tabia. Mimi nilishindwa hata kumgusa mgebuka wa kukaanga, samaki niliyempenda kuliko wote, lakini embe mbichi kwa chumvi na pilipili nilikula mpaka meno yakafa ganzi. Mama alichoka nami. "Mtihani hauliwi, mwanangu. Kula chakula."

Daforoza, niliyekaa naye dawati moja, alikuwa kinyume changu. Alikuja na shangazi yake kwa boti kutoka Burundi, wakapanga chumba karibu na soko. Kirundi chake na Kiha chetu vilisikilizana bila taabu. Wiki ya mtihani alikula chake, akala tulichobakiza, akafuta na sahani kwa kidole. Wenzangu walimwita mlafi. Nami nilicheka, ingawa sikuelewa mtu mwembamba vile chakula alikipeleka wapi.

Asubuhi ya mtihani wa majaribio wa darasa la saba, Mwalimu Shirima, mtu wa Moshi asiye na masihara, aliona mfuko wa sketi ya Daforoza umevimba. Akatoa karatasi iliyokunjwa, imejaa hesabu. Nikautambua mwandiko: ulikuwa wangu. Nilikuwa nimempa mwenyewe daftari langu kuukuu. Na aliyekamatwa na majibu alifukuzwa shule.

Nikajikuta nimesimama. "Mwalimu, karatasi ni yangu. Ni hesabu za darasa la tano."

Akaifungua. Ndani mlikuwa na tonge la ugali wa muhogo, limekauka.

"Huu wa nini, Daforoza?"

"Wa njiani, mwalimu."

"Njia ya kwenda wapi?"

"Sijui. Siku tuliyokimbia nilikuwa kwenye mtihani. Sikuwa na kitu."

Mwalimu akauweka ule ugali kwenye kona ya dawati, mbele ya macho ya Daforoza. "Haya, andika," akasema kwa sauti ya chini.

Aliandika. Matokeo yalipobandikwa alikuwa wa tatu, mimi wa kumi na moja. Lakini kabla ya mtihani wa taifa yeye na shangazi yake walihamishiwa kambi ya wakimbizi, na sikupata hata kumuaga. Mpaka leo sijui kama aliufanya.

Sasa binti yangu yuko kidato cha nne. Kila jioni anarudi na chipsi mayai na soda, wali wangu unapoa. "Mama, nina stresi." Nataka kumcheka, kizazi hiki hata jaribio la Kiswahili linadai chipsi. Halafu nachanganyikiwa. Sisi tulikaa kimya na kuchekana. Hawa wanasema waziwazi, nasi tunawazomea. Sijui kipi kilikuwa afadhali.

Jana nilivuta kiti, nikakaa karibu yake, nikamuuliza anaogopa nini.