Cheni Iliyokazwa Bila Mpandaji

Niliisikia kabla sijaiona. Nilikuwa nimeshuka bodaboda pale Sindeni, begi la spana begani, nakatiza kwenye mihogo ya jirani, na kelele ikanijia kutoka nyumbani kwa baba: kra-kra-kra, inanyamaza kidogo, halafu kra-kra tena. Mtu anayefundisha ufundi wa pikipiki akisikia sauti ya namna hiyo hata kusalimia anasalimia nusunusu. Nilimpa baba shikamoo huku macho yangu yako kwenye ekseli ya nyuma.

Ni pikipiki ya magurudumu manne. Watoto wa pale wanaiita kobe. Baba aliinunua kwa mtu aliyekuwa akipima mashamba, ambaye kazi yake ilikwisha akawa haihitaji. Nyonga ya baba imechoka. Pikipiki ya magurudumu mawili hawezi kuizuia kwa mguu isianguke, na shamba lake la mahindi liko mbali kwa mtu anayetembea na fimbo. Kwa kobe alikuwa anakwenda mwenyewe na kurudi mwenyewe, bila kumwomba mtu.

Wiki mbili kabla ya hapo cheni ilikuwa imechomoka akiwa njiani. Alikaa kwenye majani toka adhuhuri mpaka alasiri, hadi wafugaji wawili walipopita na ng'ombe wao, wakampandisha na kumsukuma hadi nyumbani. Alitusimulia kwenye simu akicheka, kwamba ng'ombe walitangulia na yeye akafuata nyuma kama ndama mgonjwa. Kaka yangu, ambaye tunaishi naye mji mmoja Korogwe, hakucheka. Alikuwa ameshapaka rangi chumba cha uani kwake, cha kumweka baba. Akaniambia mashine hiyo ikimwacha mzee njiani mara moja tu nyingine, atakodi gari akamchukue, na kobe itauzwa. Mimi nikamwomba anipe Jumamosi moja nikaitengeneze.

Kwa hiyo sikukaa. Mama jirani, ambaye humpikia baba, aliniletea chai ikapoa juu ya kinu. Cheni ilikuwa nyeusi tii. Baba alifanya wanavyofanya wengi huku kwetu: akisikia kelele, anamimina oili chafu iliyotolewa kwenye injini. Kelele inapungua siku moja. Lakini vumbi la barabara zetu likinata kwenye oili ile, unapata kitu kama msasa, na kinakula cheni na meno yake pamoja. Nilimweleza hayo huku nasugua kwa brashi na mafuta ya taa, nikamwonyesha pini moja moja zilivyolika. Alisikiliza vizuri. Akasema angejua mapema asingeilisha mchanga.

Nilipomaliza kusafisha nikapaka oili safi kidogo, nikalegeza nati za ekseli, nikaivuta nyuma cheni ikakaza. Nikawasha, nikaizungusha hadi barabarani na kurudi. Kimya. Hata hivyo sikutulia. Niliikagua tena, nikaikaza robo nyingine ya mzunguko, kwa sababu nilidhani nimesikia kitu. Nilikuwa najitengenezea ushahidi wa kumpelekea kaka, na nilitaka uwe wa kimya kabisa.

Baba akaondoka nayo kwenda shambani kuchukua mahindi. Nilifua, nikafagia, nikaenda mara tatu hadi kwenye mihogo kutega sikio. Aliporudi alikuwa na magunia mawili nyuma, na mashine inalia kwa sauti nyembamba ya kukwaruza, inashtuka kila gurudumu likiingia kwenye shimo. Niliigusa cheni kabla hajateremsha mzigo. Ilikuwa imekaza kama waya wa uzio. Pini mbili zilikuwa zimeanza kutoka. Safari moja zaidi na ingekatika, tena si kuchomoka tu kama ile ya kwanza.

Kosa hilo nalijua. Huwa nalifundisha wiki ya kwanza. Cheni inazunguka kati ya meno ya mbele na meno ya nyuma, na mtu akipanda au mzigo ukiwekwa, springi zinashuka na umbali kati ya meno hayo unaongezeka. Ni kama umefunga kamba ya kuanikia nguo ikakaza vizuri, halafu mtu aje ausukume mti mmoja nje. Ndiyo maana huipimi mashine ikiwa tupu. Unamwambia mwenye pikipiki apande, akae na uzito wake wote, ndipo unapima cheni ibaki na mchezo, yaani ulegevu, wa vidole viwili. Wanafunzi wangu nawapandisha hata wawili wawili.

Baba sikumpandisha. Nilijua tangu asubuhi kwamba nilipaswa, na mkono ukaruka hatua hiyo wenyewe. Kwetu humwambii mzazi panda hapa, shuka, panda tena, kama gunia, halafu wewe binti yake uko chini ya miguu yake na spana. Na kulikuwa na jambo la pili ambalo sikujiambia: sikutaka kumwona anavyopanda.

Kesho yake asubuhi nilibadilisha pini, nikailegeza cheni, nikakaa pale nikizungusha nati mkononi. Baba akaniuliza nasubiri nini. Ikabidi nimweleze.

"Kwa hiyo hao vijana wako wa chuoni unawapandisha?"

"Ndiyo, baba."

"Na mimi jana ukaniacha kwa nini?"

"Niliona si adabu."

Aliiangalia fimbo yake. "Adabu ingenilaza porini, mwanangu."

Akaja. Mara ya kwanza mguu haukufika, akarudi chini. Mara ya pili alishika usukani, akajivuta, nyonga ikamkatalia katikati, akabaki ananing'inia pale akihema. Niliinuka nimshike. Akatikisa kichwa, nikachuchumaa tena. Mama jirani alikuwa anapukuchua mahindi mlangoni kwake na alikuwa anaona yote. Akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Leo mzee anapimwa kilo kama mtoto wa kliniki." Baba akacheka, na sijui kama ni kicheko kile, mguu ukapita upande wa pili. Alikaa. Mashine ikashuka, nikaona cheni ikijivuta mbele ya macho yangu.

Nilipima, nikakaza kidogo, nikamwomba ajiegemeze nyuma kama amebeba magunia, nikapima tena. Vidole viwili. Nikafunga nati.

Hakushuka. Akawasha akiwa juu ya mashine, nami nikaisikia: cheni inanong'ona kidogo, inavyotakiwa kunong'ona.

"Utampigia kaka yako," akasema. "Mwambie nimepanda mara ngapi. Usimpunguzie. Halafu umwambie nimekwenda wapi."

Akakata kona kwenye mihogo. Nilimpigia kaka nikiwa bado na mikono ya mafuta. Nilimweleza yote kwa mpangilio, vumbi, oili, kosa langu, pini mbili, na zile mara mbili za kupanda. Nilijua kila neno linaweza kulipeleka gari Sindeni, na sikupunguza hata moja.

Halafu akauliza, "Pale anapoweka mguu, kuna urefu gani kutoka chini? Nataka kumtengenezea kipandio."

Nikamwambia asikate, nikaenda kwa mama jirani kuuliza kama ana futikamba, kisha nikakumbuka kobe yenyewe imekwenda shamba.

"Akirudi nitapima," nikamwambia.

"Pima akiwa amepanda," akasema kaka.