Kikombe cha Bwana wa Sinema

Ninaikumbuka Jumapili moja, mwanangu, ya miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa tena sabuni na kanga. Hapa Makote likaja banda la kwanza la video. Lilikuwa ghala la korosho tu, tunakaa juu ya magunia, jenereta inanguruma nje. Mimi niliishia darasa la nne, lakini nilikuwa nimefanya kibarua Mtwara miezi sita, nikarudi na miwani myeusi. Basi ikasemekana najua Kiingereza. Sikukanusha. Nikapewa kazi ya kusimama kando ya televisheni nikiwafafanulia watu.

Sinema yenyewe ilikuwa ya bwana mmoja mwenye sauti ya upole. Aliwakusanya watu shambani kwake, wakawaacha ndugu zao, wakamwita Baba. Mwishoni anawapanga mstari, kila mmoja anampa kikombe cha maji. Wanakunywa. Mama mmoja anatabasamu, picha inakatika, majina yanaanza kupanda.

Banda likalipuka.

"Sumu hiyo!" akasema fundi wa jenereta, mtu wa Masasi.

"Nyie wa Masasi mna visima, mtajua nini?" akamjibu bibi mmoja. "Mtu anagawa maji bure, tena kikombe kimejaa pomoni, atakuwaje mbaya?"

Watu wakacheka, ila wengi walikuwa upande wa bibi. Huku juu, wakati huo, maji tuliyafuata bondeni. Unatoka alfajiri, unarudi jua liko utosini. Hata mchumba alitazamwa shingo kwanza kama itabeba ndoo. Lakini nakwenda mbali, turudi.

Wakanigeukia wote. "Mfafanuzi, sema! Wamekufa au wamepona?"

Sikuwa nimeelewa hata neno moja. Nikapandisha miwani yangu. "Wamepona," nikasema. "Yule bwana ni mtu wa Mungu."

Nyuma kabisa alikuwa dada yangu Somoe, kambeba mgongoni binti yake Zainabu, mwenye homa ya siku tatu. Na kule bondeni alikuwa amepiga kambi mtu mmoja, si shehe wala si padri, aliyegawa maji akidai yanaponya, na kumkataza kila anayeyanywa asiguse dawa ya hospitali. Somoe alikuwa akisitasita. Niliposema vile, akainuka akatoka. Mimi nilidhani mtoto analia.

Kesho yake asubuhi akaja mjomba wetu. Kwetu mjomba ndiye mwenye watoto wa dada zake, akikohoa unasimama.

"Shikamoo, mjomba."

"Somoe yuko bondeni na mtoto. Anasema wewe umemhakikishia. Umehakikisha kwa kipi?"

"Mjomba, mimi... ile picha sikuielewa."

"Ungesema hivyo jana, hiyo miwani ingepasuka?"

Nikashuka mbio. Nilimkuta kwenye mstari, mtoto macho yamegeuka. Nikasema mbele ya wote, "Dada, nilidanganya. Kiingereza sijui. Wala sijui kama wale watu walipona."

Wakanizomea, mwanangu, we acha tu. Somoe akafungua mbeleko akanipa mtoto. Nilimpandisha mlima ule wote mpaka hospitali ya Newala. Zainabu alipona, ila sikio la kushoto halikurudi. Mpaka leo nikimwita ananiambia, "Mjomba, hamia upande huu."

Basi nisikilize. Ukiulizwa usilolijua, sema hujui, na useme mapema, kabla aliyekuuliza hajainuka. Huenda hakuulizi habari za sinema hata kidogo. Anakuuliza afanye nini na mwanawe. Na ukishakosea usitume mtu akakuombee radhi. Nenda mwenyewe, useme mbele ya walewale, hata wakuzomee. Kuzomewa kunaisha siku hiyohiyo, nakuhakikishia, na hili nalijua.

Mungu akupe ulimi wa kusema "sijui" bila kuona haya, akupe na miguu ya kuwahi pale ulipokosea. Nenda salama, mwanangu.