Buna Niliyoikataa Ukweni

Nichekeni tu. Nina kigugumizi, na nilipopewa kazi ya kwenda Chewele kumposea mpwa wangu, muuguzi mmoja wa Garsen alinishauri nilale mapema na nipunguze kahawa, huenda ulimi ukatulia. Mimi nikapitiliza: wiki nzima sikuigusa.

Siku yenyewe maneno yakanitoka kama mto Tana uliofurika! Ikaletwa buna, kahawa yao ya kukaangwa kwa samli. Nikaisukuma kando, nikaendelea kujisikiliza.

Baba wa binti akasema, "Mzee mwenzangu, umesema vizuri. Lakini anayekataa buna yetu amekataa na binti yetu."

"Ha-ha-ha-hapana!" Nikanyakua kikombe, samli yote kanzuni.

Mzee akacheka. "Haya. Huyu sasa ndiye tuliyeambiwa atakuja."