Samaki wa Uongo na Visiki vya Tshangalele

Katika ziwa la Tshangalele miti ilikufa ikiwa imesimama. Walipofunga mto ili wapate umeme, maji yalipanda juu ya msitu na hakuna aliyejisumbua kuukata kwanza. Mpaka leo visiki viko mle ndani. Vingine vinachungulia, vingine vimejificha kidogo tu chini ya maji, na hivyo ndivyo vinavyokula samaki wangu wa uongo.

Jina hilo, samaki wa uongo, alilitoa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Ni visamaki vya plastiki na vya bati, vyenye macho ya rangi na ndoano tumboni. Unakitupa mbali kwa fimbo, unakivuta kwa kuzungusha kigurudumu cha uzi, na samaki wa kweli anadhani ni chakula kinamkimbia. Nilijifunza kwenye simu, kwa video za Wazungu wanaovua samaki wa mito ya baridi anayeitwa truti. Sisi huku truti hatuna, tuna kambale na tilapia. Lakini mimi nikishaona jambo mara moja limeingia kichwani. Shule niliiacha bado naandika kwa kalamu ya risasi, na leo malori yanayobeba mchanga na simenti hapa Likasi, mengi ni yangu. Nilianza kwa kubeba mifuko ya malakiti, yale mawe ya shaba, mgongoni, bila mjomba ofisini, bila mtu wa kunishika mkono. Uzi na ndoano vingenishindaje?

Kuhusu visiki nilijua hivi. Usitupe kwa kuvuka matawi, tupa kwa kufuata urefu wa mti uliolala. Ndoano za chini zinashika kila takataka, kwa hiyo mimi nilizitoa nikaacha moja, inayoangalia juu. Ukihisi umegusa kitu usivute kwa hasira. Legeza uzi, ngoja, mara nyingi kisamaki kinaelea na kujitoa chenyewe. Kikikataa, zungusha mtumbwi, ukivute kwa upande kilikoingilia. Na kubwa kuliko yote, kisiki hakisogei. Ukivuta na kitu kikasogea, huyo ni samaki. Hilo nililiamini kama Maandiko.

Sasa niseme habari ya mama mkwe.

Kwa watu wa mke wangu, mwanaume akishaoa hakai na mama mkwe wake. Hamsalimii uso kwa uso, hali mbele yake, hamwiti. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwingine apite. Wakiwa na neno, linapita kwa mtu wa katikati. Inakuwa hivyo mpaka siku mama mwenyewe atakapopika kuku, akamwita mkwe akae kwenye mkeka, akampa ale. Hapo mlango umefunguka, na tangu siku hiyo yeye ni mama yako na wewe ni mtoto wake. Wengine hufunguliwa mapema. Mimi watoto wangu wa kwanza wamekwisha kuoa na mlango ulikuwa bado umefungwa. Mama alikuwa akiita, na mimi kila mara nilikuwa na lori limekwama mahali. Nilituma sukari, nilituma mafuta, nilituma mabati ya nyumba yake. Miguu yangu ndiyo sikuituma.

Mwaka huu alianza kuugua magoti. Akatuma neno kwa mke wangu kwamba amechagua kuku, Jumamosi nifike, yeye hataki kufa bila kuona uso wa mtu aliyeishi na binti yake. Neno hilo lilinichoma. Na nilipochomwa, nikafanya kama ninavyofanya siku zote, nikataka kuleta kitu kikubwa.

“Samaki nitaleta mimi,” nikamwambia mke wangu. “Kwa mukono yangu.”

“Papa, ununue tu ku soko,” akasema. “Mama anakuita weye, haiko samaki.”

“Minye ninunue samaki? Minye? Na fimbo yangu yote ile?”

Akacheka kidogo, akaendelea kukunja vitenge vya zawadi. Mke wangu ananijua. Hasukumi mlango ulioegemewa na mwanaume mzito.

Jumamosi asubuhi tulifika kijijini. Mke wangu akaenda kwa mama yake, mimi nikashuka moja kwa moja ziwani, nisije nikakutana na mama kabla ya wakati. Shemeji alikuwa amenitayarishia mtumbwi. Yeye ni mtu wa utani, na kwa mila yetu ana ruhusa ya kunitania apendavyo.

“Shemeji,” akasema akitazama sanduku langu la visamaki, “hii yote iko ya kula ao ya kuvaa?”

“Piga kasia.”

Kisamaki cha kwanza, cha njano, kilishika mti. Nikalegeza uzi, nikangoja, nikazungusha mtumbwi, nikafanya yote ninayoyajua. Kikabaki. Cha pili, cha fedha, kikafuata. Cha tatu kilipotea hata sijui wapi, uzi ulirudi mtupu.

“Sasa naelewa,” shemeji akasema. “Unalisha miti. Iko kazi ya Mungu ile.”

“Kelele zako zinafukuza samaki.”

“Samaki benyewe njo banacheka, shemeji. Sikiliza.”

Jua lilipanda. Ndani ya mtumbwi kulikuwa na kambale mmoja, mwembamba, wa kuaibisha hata sufuria. Wavuvi wenye nyavu walikuwa wanarudi na mizigo yao, wananipungia mkono. Ningeweza kununua kwao palepale na hakuna ambaye angesema kitu. Nilifikiri hivyo kweli. Lakini nilipotazama gatini, pale mitumbwi inapofikia, niliona wanawake wamekuja kufua, na gari langu la jipu limesimama juu ya mteremko liking'aa, na watu wanauliza ni la nani. Nikataka wanione nikivuta samaki.

“Tusogee karibu na gati,” nikasema.

“Kule hakuna samaki, shemeji. Kule ni fasi ya bamama.”

“Sogea, nakwambia.”

Akasogea. Nikasimama katika mtumbwi, nikatupa kisamaki changu cha mwisho, chenye mashavu mekundu, mbele ya macho yote yale. Kikatua vizuri sana. Nikazungusha kidogo, kikagusa kitu kizito. Nikalegeza, nikangoja. Nikavuta taratibu, na kile kitu kikasogea.

“Samaki!” nikapiga kelele. “Samaki mkubwa!”

Wanawake wakaacha nguo. Watu wakashuka kutoka nyumbani. Uzi wangu ni wa kusuka, hata nyati hawezi kuukata, nikauegemea na mwili wote. Kitu kikasogea, kikarudi, kikasogea tena, na mimi nikawa naeleza kwa sauti, kama wale wa kwenye simu, kwamba huyu ni kambale mzee, mnaona anavyokaa chini, huyu anataka mtu mwenye nguvu.

Halafu kikaachia ghafla, nikakaa chini kwa kishindo. Juu ya maji vikaanza kutokea vipande vyeupe, kimoja, kingine, vingi, na ile harufu kali ya mihogo iliyolowekwa ikatufikia. Uzi wangu ulikuwa umeshika gunia. Wanawake wa pale wanaloweka mihogo ziwani siku kadhaa, itoke uchungu, ilainike, ndipo waianike na kuitwanga unga. Nilikuwa nimelipasua gunia zima, na upepo ulikuwa unaipeleka mihogo katikati ya ziwa.

Shemeji hakutania. Alisema polepole, “Ile ni mihogo ya mama.”

“Mama nani?”

“Mama yetu. Leo njo alipashwa kuitosha mu mayi.”

Hapo ningenyamaza, aibu yangu ingekuwa ndogo. Kuvua gunia ni bahati mbaya, watu wangecheka, ingekwisha. Lakini macho yote yalikuwa juu yangu, na mimi nikibanwa nafungua mdomo. Nikasimama tena, nikanyoosha mkono kuelekea nchi kavu.

“Musijali!” nikasema kwa sauti ya kuita lori. “Gunia moja ni kitu gani? Kesho nitamuletea ule mama lori nzima ya bunga! Lori nzima! Hatalima tena!”

Mwanamke mmoja aliinama akaendelea kufua. Nilidhani hawakuamini, kwa hiyo nikataka kuwaonyesha. Nikavua suruali na shati, nikabaki na nguo ya ndani, nikaruka majini ambako maji yalinifika kiunoni, nikaanza kukamata mihogo na kuitupa mtumbwini. Ilikuwa laini, inaponyoka, inasagika mkononi kama sabuni. Nilikuwa nimeshika kipande kila mkono nilipoona wanawake wote wamegeuza shingo kutazama njia.

Mama mkwe alikuwa anashuka na beseni lake, anajikokota kwa ajili ya magoti, mke wangu nyuma yake. Alikuja kutoa mihogo yake.

Aliniona na mimi nilimwona. Sekunde hiyo moja siipendi kuikumbuka. Mkwe ambaye hapaswi hata kuonekana akila, anasimama mbele yake na nguo ya ndani, tumbo nje, na chakula chake kikimvunjikia mikononi. Nilichuchumaa mpaka maji yakanifika kidevuni. Yeye aligeuka haraka, akafunika kichwa na kitenge, akabaki amesimama amenipa mgongo. Hakuweza kuondoka upesi, magoti yalimkataza. Na mimi sikuweza kutoka majini.

Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwa binti yake:

“Ile sauti yenye ilikuwa inasema lori ya bunga, ni ya nani?”

Mke wangu akamwambia, “Ni ya mukwe wako, mama.”

“Ah.” Akarekebisha beseni. “Minye nilizani ni muntu anauzisha.”

Hata mwanamke mmoja hakucheka. Afadhali wangecheka.

“Umuambie atoke mu mayi, iko na baridi,” akaendelea. “Na umuambie leo hapana. Leo sitamuita. Kuku ile tutakula na batoto.”

“Mama...”

“Umuambie arudie siku ingine. Asilete samaki. Asilete bunga. Asilete kintu.”

Wakapanda wote wawili, polepole, mke wangu akimshika kiwiko. Nilipotoka majini shemeji alinipa shati langu bila kunitazama. Nilimwomba tukusanye mihogo iliyobaki. Tuliifuata mpaka jioni kati ya visiki, tukapata labda nusu beseni. Akaipeleka yeye, kwa sababu mimi sikuwa na njia ya kuipeleka.

Njiani kurudi Likasi mke wangu aliendesha mazungumzo ya watoto, ya kanisa, ya bei ya mkaa. Nusu ya njia nikashindwa.

“Sema tu,” nikamwambia.

“Niseme nini?”

“Kwamba nimekupatisha haya.”

Akatazama barabara. “Haya haikunishika juu ya mihogo,” akasema. “Wala juu ya kuvua nguo. Mama analima tangu alikuwa mutoto. Ulisema hatalima tena, mbele ya wenzake.”

Nilikuwa sijaliona hilo. Nilikuwa nimedhani ni neno zuri.

Zikapita wiki. Usiku sikulala vizuri, mchana nilipiga kelele kwa madereva bila sababu. Mara mbili nilijaza jipu unga na mafuta, mara mbili nikayashusha. Watu wanaodhani mtu kama mimi hawezi kuogopa, waniulize. Niliogopa magoti yake yasije yakammaliza kabla sijaitwa, na mimi nikabaki sauti ile ile masikioni mwake.

Akaniita mwezi uliofuata. Nilikwenda na mke wangu, kwa basi, kwa sababu hata jipu niliona ni kuleta kitu. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa ukutani. Nikaonyeshwa mkeka, nikakaa, na sikujua pa kuweka mikono. Mimi sijaingia nyumba ya mtu bila kubeba kitu tangu nianze kupata. Niliiweka magotini, nikaiondoa, nikaikunja kifuani, nikaona ni kiburi, nikaiondoa tena.

Mama akaingia, akaweka kuku na bukari, ule ugali wetu, mbele yangu, akakaa ng'ambo ya mkeka, uso wake wazi. Ni mwanamke mdogo, mweusi sana, ana kovu kwenye nyusi ambalo mke wangu hakuwahi kunisimulia. Nilitaka kuomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Likasi, na yote yalianza na “mimi”. Nikayaacha.

Kuku hakuguswa. Wazee wakakohoa.

“Kula, mutoto wangu,” akasema, kwangu, siyo kwa mtu wa katikati. “Bukari inapoa.”

Nikanawa, nikamega, nikala. Sikuinua macho mpaka sahani ikaisha.