Nusu saa ya Bwana Subiri

Katika gazeti hili hakuna anayeijua mitambo kama mimi. Nyumbani nina redio, pasi na friji, na vyote vitatu nimeviharibu kwa mikono yangu mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu.

Saa tatu asubuhi, fundi amepiga magoti nyuma ya nyumba ya Mwalimu, kwenye sakafu ya saruji yenye unyevu. Mbele yake kuna sanduku la bati lenye feni kubwa, limefungwa juu ya miguu ya chuma ili maji ya mvua yasilifikie. Mabomba mawili ya shaba yanatoka humo, yanapenya ukuta na kuingia chumbani kwa mama yake Mwalimu. Baridi inang'ata masikio, na ukungu haujaonyesha dalili ya kuondoka.

Mashine hii inaitwa pampu ya joto.

"Ni friji iliyogeuzwa," anaeleza fundi, polepole, kama anayemlisha mtoto uji. "Friji inatoa joto ndani yake, inalitupa jikoni. Hii inalitoa huku nje, inalimwaga chumbani."

"Joto gani, na huku nje naganda?" namuuliza.

"Lipo, mama. Dogo, lakini lipo. Kama akili ya mlevi."

Wenzake kazini humwita Bwana Subiri. Ana miaka hamsini na minane, na ishirini na sita kati ya hiyo ameimaliza kwenye friji na viyoyozi. Jina limemganda kwa sababu hawashi mashine mpya mpaka awe amesubiri, hata mwenye nyumba akipiga kelele vipi.

Subira hiyo ina kaburi lake. Miaka kumi na moja iliyopita, rafiki yake aliyefanya naye kazi aliishiwa naitrojeni, gesi ya kujaribia mabomba. Akaazima mtungi wa oksijeni kwa wachomeleaji wa jirani. Oksijeni ikikutana na mafuta ya mashine hulipuka. Rafiki alizikwa kesho yake. Bwana Subiri, aliyekuwa hatua nne nyuma, alipoteza jicho la kushoto.

"Tulikuwa tunaharakishwa," anasema. "Mwenye nyumba alikuwa na wageni."

Na la kulia?

"La kulia ni la mwewe," anajibu bila kugeuka. Anatafuta tundu la skrubu. Analipata mara ya tatu.

Kampuni inayompa kazi imetangaza kwamba mwezi ujao mafundi wote watapimwa macho. Atakayeshindwa atarudisha kadi ya kazi. Malipo ya nyumba moja humlisha yeye na mkewe wiki tatu, na mwaka huu amepata nyumba tano tu. Mpango wake ni mdogo.

"Nyumba kumi tu nyingine," anasema. "Nifungue kibanda cha vipuri. Nikae kwenye stuli, niuze nati. Kumi si nyingi, ati?"

Kinachomtofautisha na mafundi wengine ni desturi yake moja. Kipimo cha mwisho hakisomi yeye. Humwita mwenye nyumba apige magoti na asome mwenyewe, kwa sauti. "Ili kesho asije akasema nilimdanganya," anasema. Kampuni ilimsifu kwa barua, na barua hiyo ndiyo iliyonileta hapa, kuja kuandika habari za fundi mwaminifu.

Mwenye nyumba wa leo ni mwalimu mstaafu na mjane. Misimu miwili ya baridi iliyopita, mumewe alilala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa madirisha. Hakuamka.

"Jiko ni lile lile," anasema Mwalimu, akifungua mlango wa chumba cha mama yake. Makaa yanawaka kwenye kona, dirisha limeachwa wazi upana wa kiganja. "Ninajua. Usiniangalie hivyo. Mama anakohoa mpaka anapauka, nifanyeje?"

Mama mwenyewe, bibi wa miaka themanini na kitu, ametolewa nje na kuketishwa mlangoni ndani ya mablanketi mawili. Kinachoonekana ni pua na macho, na vyote viwili vinafanya kazi.

"Huyu mwandishi ni mzee kuliko mimi," anasema. "Mpeni na yeye blanketi."

Fundi ameshajaza naitrojeni kwenye mabomba na kupaka povu la sabuni kwenye kila nati, nje na ndani ya chumba. Ameinama mpaka pua imegusa shaba. "Hakuna povu linalopumua," ametangaza. Kisha ameitoa naitrojeni na kufunga kipampu cha kunyonya hewa na unyevu, kikanguruma saa nzima. Sasa anakizima. Kwenye geji, kile kisaa cha kioo, mshale umelala chini kabisa. Mwalimu anaweka alama juu ya kioo kwa kalamu nyekundu, ile aliyosahihishia madaftari.

"Sasa nusu saa," anasema fundi. "Mshale ukipanda, panavuja. Na gesi ya mashine hii inashika moto. Ikivujia chumba chenye makaa..."

Anageukia chupa ya chai.

Nusu saa ya kusikiliza mtu akikohoa ni ndefu. Bibi anakohoa, anatulia, anaomba radhi kama aliyevunja kikombe, anakohoa tena. Mwalimu anamsugua mgongo. Fundi anajimiminia chai, na nyingine inakwenda sahanini.

Muda unatimia. Mwalimu anapiga magoti mbele ya geji.

"Uko pale pale," anasema.

Fundi anachukua spana ili afungue gesi.

"Mwanangu," anasema bibi, "wewe nimekuzaa mimi. Ukisema uongo unajikuna shingo."

"Mama, jamani."

"Na sasa hivi unajikuna."

Spana inasimama hewani. Mwalimu anautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Umepanda," anasema. "Kidogo tu, kama nywele mbili. Nilitaka mama alale kwenye joto leo."

Fundi anaweka spana chini, wala hapandishi sauti. "Mwalimu, hata yule wa oksijeni alikuwa na sababu nzuri."

Anafungulia tena naitrojeni. Mwalimu anafuta machozi, anafuta na kioo cha geji kwa upindo wa kanga, halafu anachukua bakuli la sabuni na kwenda kupaka mwenyewe. Kwenye nati ya chumbani, povu linavimba na kupasuka, mapovu makubwa kama kunde.

"Fundi, hii si ndiyo uliyoitazama asubuhi?"

"Asubuhi halikuwepo."

Bibi anamtazama fundi kwenye jicho lile la kulia.

Bwana Subiri anakata mdomo wa bomba na kuutanua upya. Hapo anafanya kazi kwa vidole tu, uso ameugeuzia ukutani, na vidole havikosei. Anapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa shaba kama mama anayempapasa mtoto mwenye homa. Anakaza nati. Naitrojeni inarudi, Mwalimu anapaka sabuni, povu limetulia. Kipampu kinanguruma saa nyingine. Inafika saa tisa, ukungu umekuwa manyunyu.

"Weka alama, Mwalimu," fundi anapaza sauti, akikizima kipampu. "Na hilo jiko litoke. Sifungui gesi likiwa ndani."

"Haya," anajibu Mwalimu kutoka chumbani. Anatoka na jiko mikononi, uso ameukunja kwa joto, anakwenda kumwaga makaa mbali, kwenye udongo uliolowa. Yanalia na kuzima. Sasa nyumba haina joto la aina yoyote.

Nusu saa nyingine. Bibi amerudishwa kitandani, dirisha la chumba chake liko wazi, na kikohozi kinatufikia kupitia hapo.

"Safari hii soma wewe," anasema Mwalimu. "Mimi sijiamini."

"Utaratibu ni utaratibu. Anasoma mwenye nyumba."

"Kwani mwewe kachoka?" inauliza sauti ya bibi dirishani.

Fundi anacheka kidogo. Anapiga magoti. Anakisogelea kioo mpaka pumzi yake inakifunika kwa ukungu, anakifuta kwa kidole, anakisogelea tena. Anakaa hivyo kitambo, kama anayesali. Kisha ananyoosha mgongo na kushika spana.

"Uko kwenye alama," anasema. "Umeganda pale pale, juu ya wino. Nifungue?"

Mwalimu ameushika upindo wa kanga yake, wenye doa jekundu.

"Alama ipi, fundi?" anauliza taratibu. "Ile ya kwanza niliifuta. Uliponiita niweke nyingine, mikono yangu ilikuwa na jiko. Sijaweka."